Wasomaji Wanauliza: Ajira za huduma za sekta binafsi katika jimbo la Marekani huhesabiwaje?

Wasomaji wetu wanaoishi Marekani, pamoja na wanafunzi wa uchumi wanaoifuatilia nchi hiyo, wametuandikia kuhusu takwimu za ajira za huduma zinazotolewa kila mwezi kwa kila jimbo. Tumechagua barua sita, na tumezifupisha pale tu ambapo swali lilirudiwa.

Swali: Ndugu Mhariri, naishi Ohio na nimeajiriwa na wakala wa kazi za muda, ambaye hunipeleka kufanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari. Kila mwezi naangalia katika hifadhi ya takwimu ya FRED, inayotunzwa na Benki ya Federal Reserve ya St. Louis, mstari unaoonyesha ajira za huduma za sekta binafsi katika jimbo letu. Je, mimi nimo katika mstari huo, au nahesabiwa pamoja na watu wa viwandani? Ni nani hasa wanaohesabiwa?

Jibu: Ndugu yetu, umo katika mstari huo wa huduma, ingawa kutwa nzima unashika vipuri kwa mikono yako. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, ambayo ndiyo chanzo cha takwimu zinazoonyeshwa na FRED, haimuulizi mfanyakazi anafanya kazi gani. Humuuliza mwajiri ana watu wangapi katika orodha yake ya mishahara, kisha humpanga mwajiri huyo kulingana na shughuli kuu ya mahali pake pa kazi. Anayekulipa wewe ni wakala, na mawakala wa kazi za muda wamo katika kundi la huduma za kitaalamu na za kibiashara, pamoja na mawakili, wahasibu, watengenezaji wa programu za kompyuta, kampuni za ulinzi na kampuni za usafi wa majengo.

Jambo hili si dogo, na ningependa kila anayesoma grafu hizi alikumbuke. Kiwanda kikiwaachisha kazi wafagiaji wake na kuipa kampuni ya usafi zabuni, ajira za viwandani hupungua na ajira za huduma huongezeka, ilhali sakafu inayofagiliwa ni ileile na huenda hata mfagiaji ni yuleyule. Vilevile viwanda vinapoanza kuhisi kwamba oda zinapungua, wa kwanza kuambiwa wasirudi kesho ni watu wa mawakala, kwa hiyo dalili ya kudorora kwa viwanda inaweza kujitokeza kwanza ndani ya takwimu za huduma.

Sasa tuje kwenye mipaka ya hesabu yenyewe. Ajira zote zisizo za kilimo hugawanywa mara mbili: upande mmoja ni uzalishaji wa bidhaa, yaani uchimbaji wa madini na ukataji wa magogo, ujenzi na viwanda, upande wa pili ni utoaji wa huduma. Ukiiondoa serikali katika upande huo wa pili, kinachobaki ndicho unachokifuatilia. Ndani yake mna biashara ya jumla na ya rejareja, uchukuzi na usambazaji wa umeme na gesi; mna habari, ambamo filamu pia huhesabiwa; mna benki, bima na upangishaji wa nyumba; mna kundi lako la huduma za kitaalamu na za kibiashara; mna elimu ya binafsi na afya; mna burudani, hoteli na migahawa; na hatimaye huduma nyinginezo, kuanzia gereji na vinyozi hadi mashirika ya dini. Kwa nchi nzima, takriban ajira saba kati ya kila kumi zisizo za kilimo zimo humu.

Mpaka kati ya binafsi na serikali hufuata umiliki. Mhadhiri wa Harvard anahesabiwa katika sekta binafsi, lakini mwenzake wa University of Massachusetts ni mfanyakazi wa serikali ya jimbo. Dereva wa UPS anayeleta kifurushi mlangoni yumo. Tarishi wa Posta ya Marekani hayumo. Mfano unaowapotosha wengi uko Connecticut, ambako kasino kubwa za Foxwoods na Mohegan Sun zinamilikiwa na makabila ya Wenyeji wa Marekani. Tangu mwaka 2001 ajira za mashirika yanayomilikiwa na makabila hayo huwekwa chini ya serikali za mitaa, kwa hiyo mgawaji wa karata wa Foxwoods ni mtu wa serikali kitakwimu, na mwenzake wa Las Vegas ni mtu wa sekta binafsi. Anayelinganisha ajira za burudani za Connecticut na za Nevada bila kulijua hilo atafikia hitimisho lisilo sahihi.

Wako pia wasiohesabiwa kabisa: waliojiajiri bila kusajili kampuni, na wengi wa madereva wa programu za simu wako hapo, wafanyakazi wa ndani walioajiriwa na kaya, wanafamilia wanaosaidia biashara bila malipo, na wafanyakazi wa mashambani.

Swali: Mimi naishi Jersey City, lakini kila asubuhi navuka mto Hudson kwenda kufanya kazi katika hoteli ya Manhattan, na jioni mbili kwa wiki nafanya kazi katika duka moja la Newark. Nahesabiwa wapi? Na kwa nini wakati mwingine tunasikia kwamba ajira zimeongezeka, na papo hapo kiwango cha ukosefu wa ajira kimepanda?

Jibu: Unahesabiwa mara mbili: mara moja katika ajira za burudani na hoteli za jimbo la New York, na mara ya pili katika biashara ya rejareja ya New Jersey. Hesabu hii ni ya ajira zilizojazwa, wala si ya vichwa vya watu, na kila ajira huandikwa katika jimbo ambamo mahali pa kazi pamo, bila kujali mfanyakazi analala wapi. Kwa miji iliyo mpakani, kama vile Kansas City iliyogawanyika kati ya Missouri na Kansas, au Washington inayovuta wafanyakazi kutoka Virginia na Maryland, tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa.

Kiwango cha ukosefu wa ajira hutoka katika utafiti mwingine kabisa, unaofika kwenye takriban kaya 60,000 nchini kote kila mwezi na kumuuliza mtu mwenyewe hali yake. Huko wewe ni mkazi mmoja wa New Jersey aliye na kazi, hata ungekuwa na kazi tatu. Kwa majimbo, majibu ya kaya hizo huunganishwa na takwimu nyingine kwa kutumia mifano ya kihesabu, kwa sababu kaya za jimbo moja peke yake ni chache. Kwa kuwa anayehesabiwa kuwa hana kazi ni yule anayetafuta, watu waliokuwa wamekata tamaa wakianza tena kutafuta, kiwango hicho kinaweza kupanda wakati uleule ambapo waajiri wanaongeza watu. Hakuna utafiti mmoja kati ya hiyo miwili unaoukanusha mwingine.

Swali: Mwaka mzima tuliambiwa kwamba huduma katika jimbo letu zinaongeza ajira. Ulipofika mwezi Machi, tukaambiwa sehemu ya ajira hizo hazikuwepo. Mimi ni mfanyabiashara na niliongeza tawi kwa kuamini takwimu hizo. Je, zinachakachuliwa?

Jibu: Naelewa uzito wa swali lako, kwa sababu umeweka fedha zako palipokuwa na namba. Jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa urefu kidogo.

Namba ya kila mwezi ni makadirio yanayotokana na sampuli. Ofisi ya Takwimu za Kazi hukusanya taarifa kutoka kwa takriban kampuni na taasisi za serikali 120,000, zenye mahali pa kazi zaidi ya 600,000, na huuliza kuhusu kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi. Kampuni nyingine hujibu mapema, nyingine huchelewa. Takwimu za nchi nzima kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi unaofuata, na za majimbo hufuata baada ya takriban wiki mbili. Majibu yaliyochelewa yakifika, namba ya jimbo hurekebishwa mwezi unaofuata. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na huwa haizui mjadala mkubwa.

Hatua ya pili ndiyo iliyokugusa. Karibu kila mwajiri wa Marekani analazimika kuwasilisha kila robo mwaka taarifa ya kodi ya bima ya ukosefu wa ajira katika jimbo lake, akionyesha idadi ya wafanyakazi wake kwa kila mwezi na mishahara aliyolipa. Taarifa hizo zinagusa zaidi ya asilimia 95 ya ajira zote, kwa hiyo ni hesabu kamili au inayokaribia kuwa kamili, lakini huchapishwa baada ya takriban nusu mwaka. Mara moja kwa mwaka makadirio ya sampuli hulinganishwa upya na hesabu hiyo, na kwa majimbo matokeo hutolewa pamoja na takwimu za Januari, kwa kawaida mwezi Machi. Hapo ndipo ajira zilizodhaniwa kuwepo huondolewa, au zile ambazo hazikuonekana huongezwa.

Kwa nini makadirio yapotoke? Sababu kubwa ni biashara zinazozaliwa na zinazokufa. Mgahawa uliofunguliwa mwezi uliopita haumo katika sampuli, na uliofungwa hauna mtu wa kujibu dodoso. Ofisi hukadiria pengo hilo kwa kutumia mwenendo wa miaka iliyotangulia, na uchumi ukigeuka ghafla mwenendo huo hausaidii sana. Katika jimbo dogo, ambako sampuli ya kundi moja ni chache, kosa huwa kubwa zaidi kwa uwiano. Hata kwa taifa zima masahihisho yanaweza kuwa mazito: Agosti 2024 ilitangazwa kwamba ajira za Machi 2024 huenda zilizidishwa kwa 818,000, na hesabu ya mwisho iliyotolewa Februari 2025 ikaonyesha kuwa zilizidishwa kwa karibu 600,000, ambazo ni kama asilimia 0.4 ya ajira zote. Tazama kwamba hata makadirio ya masahihisho yenyewe yalisahihishwa.

Suala hili liliingia katika siasa tarehe 1 Agosti 2025, Rais Donald Trump alipomfuta kazi mkuu wa ofisi hiyo, Erika McEntarfer, siku ileile ambayo takwimu za kitaifa za Mei na Juni zilipunguzwa kwa jumla ya ajira 258,000. Naona uamuzi ule uliwaumiza wananchi wa kawaida kuliko wachumi, kwa kuwa uliwafundisha kuyatazama masahihisho kama ushahidi wa udanganyifu, ilhali masahihisho yamo katika utaratibu wa kazi, yana tarehe zinazojulikana mapema, na chanzo chake, yaani taarifa za kodi za waajiri, huchapishwa hadi ngazi ya kaunti ili yeyote ayakague.

Kwa biashara yako, ushauri wangu ni huu: namba ya mwezi itumie kama tetesi njema au mbaya, lakini uamuzi wa kukodi jengo usubiri taarifa za robo mwaka za kaunti yako. Benki ya Federal Reserve ya Philadelphia hutumia taarifa hizohizo kukokotoa, kila robo mwaka, masahihisho ya mapema kwa majimbo yote, kwa hiyo huhitaji kungoja mpaka Machi ili ujue upepo unaelekea wapi.

Swali: Kwa kila jimbo naona mistari miwili, mmoja umerekebishwa kwa msimu na mwingine haukurekebishwa. Nitumie upi?

Jibu: Ukilinganisha mwezi na mwezi uliotangulia, tumia uliorekebishwa, yaani ule ulioondolewa mapanda na mashuka yanayojirudia kila mwaka kwa sababu ya msimu. Ukilinganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka jana, unaweza kutumia ule usiorekebishwa, na kwa jimbo kama Alaska, ambako meli za watalii huja majira ya joto na kuondoka, ni vizuri kuutazama ili uone ukubwa halisi wa wimbi hilo. Kila Januari maduka na kampuni za usafirishaji wa vifurushi huwaachisha kazi wafanyakazi wa msimu wa Krismasi. Mstari usiorekebishwa utaonyesha mporomoko ambao si habari mpya kwa mtu yeyote. Usiichanganye mistari hiyo miwili katika hesabu moja.

Angalia pia kipimo. FRED huandika takwimu hizi kwa maelfu ya watu, kwa hiyo 2,451.3 maana yake ni ajira 2,451,300. Tuseme hiyo ndiyo namba ya jimbo la kufikirika kwa mwezi huu, mwezi uliopita ilikuwa 2,453.1, na mwezi kama huu mwaka jana ilikuwa 2,408.9. Gazeti litaandika kwamba jimbo limepoteza ajira 1,800, na ni kweli kwa mujibu wa namba zilizochapishwa. Lakini katika jimbo lenye ukubwa huo, badiliko hilo limo ndani ya kosa la kawaida la sampuli, na huenda mwezi ujao likafutika. Ongezeko la 42,400 kwa mwaka, ambalo ni takriban asilimia 1.8, ndilo lenye uzito.

Swali: Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu ajira za huduma katika Minnesota. Naomba uniongoze namna ya kuufuatilia mstari huu kwa muda mrefu bila kupotoka.

Jibu: Mwanafunzi wetu, anza kwa kuupasua mstari wenyewe. Jumla ya huduma za binafsi huficha mambo mengi kuliko inavyoyaonyesha, kwa sababu ndani yake zimo shughuli ambazo hazifuati mwendo mmoja. Afya huendelea kuajiri hata uchumi unapolegea, kwani watu huzeeka na kuugua bila kujali hali ya soko. Mawakala wa kazi za muda huyumba mapema. Hoteli na migahawa hutegemea watu kutoka majumbani mwao. Jumla inaweza kutulia kabisa huku afya ikiongeza na rejareja ikipoteza kwa kiasi kilekile, na tasnifu iliyoitazama jumla peke yake itasema hakuna kilichotokea.

Mwaka 2020 uliyaweka wazi haya yote. Nevada, ambayo imeegemea burudani na hoteli kuliko jimbo jingine lolote, ilifunga kasino zake mwezi Machi, na Aprili kiwango chake cha ukosefu wa ajira kilikaribia asilimia 30. Nchi nzima ilipoteza zaidi ya ajira milioni 20 katika mwezi huo mmoja wa Aprili, na zaidi ya milioni 7 kati ya hizo zilikuwa za burudani, hoteli na migahawa. Majimbo yalitofautiana mno kwa kina cha pigo, na mgawanyo wa huduma zao ulichangia sana tofauti hiyo, kwa hiyo Minnesota yako ipime pia kwa kuangalia imebeba nini ndani ya neno hilo moja la huduma.

Takwimu za majimbo kwa mpangilio wa sasa wa shughuli za kiuchumi huanzia Januari 1990, kwa hiyo una mididimio minne ya uchumi ya kulinganisha: wa 1990 hadi 1991, wa 2001, wa 2007 hadi 2009, na ule wa 2020. Jihadhari na mabadiliko ya mpangilio wenyewe, ambao hupitiwa upya kila baada ya miaka mitano. Mwaka 2023 takwimu hizi zilihamia katika toleo la 2022, na biashara za mtandaoni zikapangwa upya miongoni mwa aina za maduka. Jihadhari vilevile na jambo la kiutawala: hadi mwanzoni mwa 2011 ofisi za majimbo ndizo zilizoandaa makadirio haya, na tangu Machi mwaka huo kazi hiyo ilihamishiwa Ofisi ya Takwimu za Kazi mjini Washington, kwa ushirikiano na majimbo.

Andika tarehe uliyopakua kila mfululizo. Hili si pambo la kitaaluma, kwa kuwa mstari utakaoupakua mwakani hautakuwa sawa na wa leo, na msimamizi wako akijaribu kurudia hesabu yako asipate jibu lilelile ataanza kukushuku. Hifadhi ya ALFRED, inayotunzwa na benki hiyohiyo ya St. Louis, huweka matoleo ya zamani jinsi yalivyochapishwa, na itakufaa sana ikiwa unataka kujua watunga sera wa Minnesota walikuwa wakiona nini siku walipofanya uamuzi fulani, kwa sababu hawakuwa na namba ulizonazo wewe sasa.

Usitumie mwezi mmoja kama ushahidi. Chukua wastani wa miezi mitatu au badiliko la mwaka. Pia, kabla ya kuueleza mporomoko wa ghafla kwa nadharia, uliza kama palikuwa na mgomo, maana mfanyakazi asiyelipwa chochote katika kipindi chote cha malipo chenye tarehe 12 hutoka katika hesabu, ingawa mwajiri bado anamtambua. Waigizaji wa filamu walipogoma kuanzia Julai hadi Novemba 2023, ajira za filamu zilipungua katika takwimu za California, kisha zikaanza kurudi mgomo ulipokwisha.

Swali: Ajira za huduma zikiongezeka katika jimbo, je, maana yake watu wanaishi vizuri zaidi?

Jibu: Namba hii peke yake haiwezi kulijibu swali hilo. Ajira ya saa kumi kwa wiki na ajira ya saa arobaini zote ni ajira moja, na daktari bingwa na mwosha vyombo kila mmoja anaongeza moja tu. Kwa wastani wa nchi, mfanyakazi wa burudani, hoteli na migahawa hulipwa kwa saa zisizozidi 26 kwa wiki, wakati wastani wa sekta binafsi nzima umezidi kidogo saa 34. Kwa hiyo soma idadi ya ajira pamoja na wastani wa saa na wastani wa malipo ya kila wiki, ambavyo ofisi hiyohiyo huvitoa kwa kila jimbo katika utafiti uleule. Zidisha idadi kwa saa, uone kama kazi yenyewe imeongezeka au imegawanywa vipande vidogo zaidi. Kisha linganisha malipo na kodi za nyumba za jimbo hilo kabla hujamshauri ndugu yako kuhamia huko.